«Sistemu imekatika»: ni sistemu gani hasa?

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mkubwa kwenda kuchukua pesa aliyotumiwa na mwanawe. Tulifika saa moja asubuhi tukakuta watu kama thelathini wamekwisha kukaa kwenye ukingo wa saruji. Saa nne na nusu dirisha likafunguka nusu, kijana wa gishe akachungulia: «Sistemu imekatika, mama. Murudie kesho.» Mama mkubwa hajawahi kugusa kompyuta. Tukiwa njiani akaniuliza: «Hii sistemu yenye inakatika kila siku, ni kitu gani?» Nikamwambia ni intaneti. Akatembea hatua chache kimya. «Na ile ya kituo cha afya, walisema ni sistemu ya inchi. Ile nayo ni intaneti?»

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Nimelipata sasa, kwa kuchelewa.

Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, neno hili limechoka kwa kubebeshwa mizigo. Kijana wa gishe akisema sistemu, anamaanisha kompyuta na waya. Dereva wa teksi akisimamishwa mara tatu kati ya Kenya na Katuba, komuni mbili za mji huu, akasema «ni sistemu», anamaanisha wakubwa na mifuko yao. Kisha kuna maana ya tatu, ile ya semina: wakufunzi wanakuja na karatasi za rangi kuhubiri «fikra za kimfumo» kwa viongozi wa zahanati, shule na mashirika, na wengi wanatoka wakidhani wameambiwa wanunue kompyuta. Maana hiyo ya tatu ndiyo nataka kuifungua, kwa sababu ndiyo inayoweza kuzieleza zile mbili nyingine.

Mfumo, kwa lugha ya nyumbani, ni vitu kadhaa vilivyofungamana hata ukigusa kimoja vingine vinajibu, na vyote pamoja vinatoa kitu ambacho hakuna kimoja kingekitoa peke yake. Bukari ni unga, maji, moto na mkono wa anayesonga. Unga wa daraja la kwanza ukiwa peke yake haumshibishi mtu. Mmarekani Russell Ackoff, mmoja wa waliolisambaza wazo hili katika uongozi, alipenda kuwaambia wasikilizaji wake: chukueni injini bora kuliko zote kutoka gari moja, breki bora kutoka gari jingine, gia bora kutoka la tatu, mziunganishe. Hamtapata gari bora, hamtapata hata gari, maana vipande havikubaliani. Fundi yeyote wa Hiace hapa mjini angemwambia hivyo bila kulipwa ada ya chuo.

Mkuu wa ofisi, hata hivyo, mara nyingi hufanya jambo lile lile ambalo fundi hawezi kulifanya. Anaipeleka gishe mafunzo, anaipa labo lengo lake, anaibana farmasi kwa hesabu zake, kila idara peke yake, kisha anashangaa kwa nini ua bado umejaa watu.

Shaba inasubiri, homa haisubiri

Mji wetu umelelewa na shaba. Tanuru la kwanza lilianza kuyeyusha mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na mlima wa mabaki yake meusi bado tunauona kila siku. Kwa hiyo tunapofikiri kuhusu kazi inayoongozwa vizuri, tunafikiri kiwanda: malighafi inaingia upande huu, bidhaa inatoka upande ule, ziada inawekwa uani. Shaba iliyochelewa inaweza kukaa kwenye malori Kasumbalesa siku kadhaa, na ikivuka mpaka bado ni shaba.

Huduma haiwekwi uani. Saa moja ya muuguzi ambayo hakuna aliyeitumia asubuhi haiwezi kuhifadhiwa ikatumike jioni. Zaidi ya hapo, mteja mwenyewe yumo ndani ya karakana: anangoja, anakasirika, anaondoka, anarudi na dada yake, anamwambia jirani asije. Yeye ni malighafi na ni msimamizi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mbinu zilizonyoosha viwanda, zikiletwa kama zilivyo kwenye benki, hospitali au shule, huleta ubao wenye malengo ukutani na foleni ile ile mlangoni.

Ili tusiongee hewani, tuchukue kituo cha afya kimoja huko Katuba. Nimekibuni, pamoja na hesabu zake zote, kwa hiyo msikitafute. Ila nadhani kila mmoja wenu amekwisha kukaa kwenye benchi lake. Kuna gishe ya kutoa fishi, yaani karatasi ya mgonjwa, muuguzi anayewaona wagonjwa, labo yenye darubini moja, mahali pa kulipia, na farmasi. Mlango unafunguliwa saa mbili asubuhi. Watu wapo tangu saa kumi na moja alfajiri.

Jicho la hesabu

Wa kwanza kuitazama foleni kwa hesabu alikuwa Mdenmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Swali lake la mwaka 1909 lilikuwa dogo: simu zikiingia ovyo ovyo bila ratiba, unahitaji nyaya ngapi ili watu wasingoje sana? Kutokana na swali hilo ikazaliwa elimu nzima ya foleni. Matokeo yake moja yafaa kubandikwa kwenye kila ofisi ya mkuu wa huduma.

Muuguzi wetu anatumia kwa wastani dakika 10 kwa mgonjwa, yaani anaweza kuona 6 kwa saa. Watu hawaji kwa kupangana, na magonjwa yao hayalingani. Wakija 3 kwa saa, muuguzi ana kazi nusu ya muda wake, na mgonjwa anakaa wastani wa dakika 20, kungoja na kuonwa pamoja. Mkuu anaona muuguzi amekaa bure nusu ya siku, anaumia rohoni. Anampa kazi ya pili, au anamwondoa mwenzake, mpaka shughuli zinafika asilimia 80 ya muda. Sasa mgonjwa anakaa dakika 50. Asilimia 90: dakika 100. Asilimia 95: dakika 200, zaidi ya saa tatu. Angalia hatua ile ya mwisho. Kutoka 90 hadi 95 mkuu amepata kazi kidogo tu zaidi kwa muuguzi, na mgonjwa amelipa mara mbili. Muuguzi asiyepumzika hata dakika moja anaonekana kama ushahidi wa uongozi mzuri, kumbe yeye ndiye foleni yenyewe.

Mmarekani John Little aliongeza mwaka 1961 uthibitisho wa kanuni ambayo hata mama wa sokoni anaweza kuitumia: idadi ya watu waliomo ndani ni sawa na wanaoingia kwa saa ukizidisha kwa saa ambazo kila mmoja anakaa. Kituo kikipokea watu 12 kwa saa, na uani ukihesabu vichwa 36, basi kila mtu anakaa wastani wa saa tatu. Huna haja ya kumuuliza yeyote, wala ya programu. Hesabu vichwa mara kadhaa kwa siku, gawanya.

Sasa tufuate wagonjwa hao 12. Gishe inaweza kuandika fishi 20 kwa saa. Wauguzi wakiwa wawili wanaona 12. Kati ya hao 12, tisa wanatumwa labo kupimwa malaria, na labo yenye darubini moja inapima 6 kwa saa. Kila saa, watatu wanabaki. Kuanzia saa mbili hadi saa nane mchana wanakuwa 18, na hao ndio wanaoambiwa «murudie kesho».

Foleni inaonekana wapi? Kwenye gishe, maana ndiyo mlango, na ndiko watu wanakopigana viwiko. Kwa hiyo mkuu anaongeza karani wa pili wa gishe, au ananunua kompyuta ya kuandikia fishi. Fishi sasa zinatoka 40 kwa saa, na wagonjwa wanafika haraka zaidi kwenye benchi la labo, ambako wanakaa. Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, alijipatia jina miaka ya 1980 kwa kusisitiza jambo hili moja: mnyororo mzima hutembea kwa mwendo wa sehemu yake nyembamba kuliko zote, na kila unachokiongeza mahali pengine ni kuongeza rundo tu.

Mgonjwa anayekuja mara mbili

Wale 18 wa jana hawakupotea. Leo saa mbili kamili wapo mlangoni, pamoja na wapya. Muuguzi mkuu anaandika kwenye daftari lake: «wagonjwa wanaongezeka». Wagonjwa hawakuongezeka hata mmoja. Ni mtu yule yule amehesabiwa mara mbili.

Mwingereza John Seddon, ambaye amefanya kazi miaka mingi na ofisi za huduma, alitenganisha aina mbili za ujio. Kuna ujio wa haja: mtoto ana homa, mama amemleta. Na kuna ujio wa kasoro: mtu anakuja kwa sababu mara ya kwanza hakuhudumiwa, au alihudumiwa vibaya. Amerudi kuuliza majibu ya labo. Amerudi kwa sababu fishi yake iliandikwa jina la dada yake. Amerudi kwa sababu dawa iliyoandikwa haikuwepo farmasi. Ofisi nyingi huwahesabu wote kwenye safu moja ya daftari, kisha huomba wafanyakazi zaidi wa kuhudumia kasoro zao wenyewe.

Kuwatenganisha hakuhitaji mradi wenye ufadhili. Weka makopo mawili ya maziwa kwenye gishe na bakuli la maharage. Anayekuja kwa shida mpya, harage moja kopo la kwanza. Aliyerudi kwa sababu ya jana, harage kopo la pili. Wiki moja tu. (Wacheshi watasema kwamba maharage kwenye gishe za nchi hii tayari yapo, yanaitwa madesu ya bana, maharage ya watoto, yaani rushwa. Hayo tutayafikia.)

Jambo la kutisha kuhusu «rudi kesho» ni kwamba linajilisha. Watu wakijua huenda wasifikiwe, wanaamka mapema zaidi. Wakija wote alfajiri, asubuhi inafurika na mchana wauguzi wanapiga miayo. Asubuhi ikifurika, makosa ya fishi yanazidi. Makosa yakizidi, kesho wengi wanarudi. Ni deni linalozaa riba. Na linapokoma kukua, halikomi kwa sababu nzuri: watu wanachoka, wanakwenda kununua vidonge kwa muuzaji wa barabarani, ua unapungua, na mkuu anamshukuru Mungu kwamba mambo yametengemaa.

Mizunguko ya namna hii, ambapo tokeo linarudi kuwa chanzo, ndiyo iliyokuwa kazi ya Jay Forrester wa chuo cha MIT. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliangalia viwanda vya vyombo vya nyumbani vya General Electric huko Kentucky, ambavyo vilikuwa vikiajiri watu wengi, kisha vikiwapunguza, kisha vikiajiri tena. Wakubwa walilaumu soko. Forrester akachukua karatasi na penseli, akafuata jinsi maamuzi ya kuajiri na kuweka akiba yalivyokuwa yakifanyika ndani, akaonyesha kwamba hata oda za wateja zikitulia kabisa, yumbayumba ile ingeendelea. Ilitoka ndani, kwenye kuchelewa kati ya kuagiza na kupokea.

Farmasi yetu ya Katuba inacheza ngoma ile ile. Dawa ya malaria inaisha. Msimamizi, kwa hofu, anaagiza mara mbili ya kawaida. Mzigo unachelewa, hofu inazidi, anaagiza tena. Kisha yote yanafika kwa pamoja msimu wa mvua ukiwa umekwisha, na mwaka unaofuata masanduku yanateketezwa kwa kuwa yamepita tarehe. Anaitwa mzembe. Lakini muweke mtu mwingine kwenye kiti hicho, bila njia ya kujua mzigo wake uko wapi, naye ataagiza mara mbili.

Hapa pana uongo mmoja unaopenda kusambaa: kwamba fikra za kimfumo ni njia ya kisomi ya kusema hakuna mwenye makosa. W. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha Wajapani ubora baada ya vita, alikadiria kutokana na uzoefu wake kwamba asilimia 94 ya matatizo ni ya mfumo na 6 tu ni ya sababu za pekee. Wengi hunukuu tarakimu hiyo na kuishia hapo. Lakini Deming alisema pia mfumo ni wajibu wa nani: wa uongozi. Kwake lawama ilipanda ngazi, ikatoka kwa kijana wa gishe ikaenda kwa yule anayeweza kubadilisha mpangilio wa gishe.

Kituo hiki ni cha nini?

Mpaka hapa hesabu imetupeleka kwenye labo. Nunua darubini ya pili, umemaliza? Washauri wengi huishia hapa, na miezi sita baadaye hutajua kama waliwahi kuja.

Peter Checkland alikuwa meneja katika kampuni ya kemikali ya ICI kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, mwisho wa miaka ya 1960. Alikwenda na imani ya kihandisi: taja lengo, tafuta njia bora ya kulifikia. Alipoijaribu kwenye mashirika ya watu, ilikwama kwenye neno la kwanza, kwa sababu watu hawakukubaliana lengo ni lipi. Akaja na njia nyingine. Badala ya kuanza na lengo, anza kwa kuchora hali yote ilivyo, watu, ugomvi, pesa, uvumi, hata kwa michoro ya kitoto. Kisha kila upande useme: kwangu mimi, hiki ni chombo cha kufanya nini, kwa njia gani, ili iweje?

Fanya hivyo Katuba kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma. Mama mwenye mtoto anasema: ni mahali pa kumpa mwanangu dawa kabla ya usiku. Muuguzi anasema: ni mahali pa kutibu kwa kufuata kanuni, ili nisilaumiwe mtoto akifa. Mhasibu anakohoa kidogo, anasema: ni mahali pa kukusanya pesa ya vipimo na dawa ili watu hawa walipwe mwisho wa mwezi. Kimya. Kila mtu alikuwa anajua, ila hakuna aliyekuwa amelisema mbele ya wengine. Vituo vingi nchini vinaishi kwa pesa ya wagonjwa wenyewe, na kipimo cha labo ni sehemu ya pesa hiyo.

Ghafla ile hesabu ya tisa kati ya 12 inabadilika sura. Je, wote tisa walihitaji darubini? Au wanatumwa kwa sababu labo ndiyo inayolipa mishahara? Kama ni hivyo, darubini ya pili italeta vipimo zaidi, na mgonjwa atalipia foleni fupi kwa fishi ndefu. Jicho la hesabu lilikuwa sahihi kabisa kuhusu labo. Halikuwa na namna ya kuuliza kwa nini labo.

Hiyo ndiyo sababu ya kuunganisha mbinu, na ndilo jambo ambalo semina nyingi hulipita haraka. Sababu si kwamba zana nyingi ni bora kuliko chache. Kila mbinu ina kitu isichokiona, nawe unakigundua pale tu unapoitazama kwa jicho la mbinu nyingine.

Jicho la mwili mzima, au la timu

Stafford Beer, Mwingereza mwenye ndevu ndefu aliyeitwa Chile mwaka 1971 kuisaidia serikali ya rais Allende kuendesha viwanda kwa mtandao wa teleksi, kazi iliyokatwa na mapinduzi ya mwaka 1973, aliuliza swali jingine: chombo chochote kinahitaji kazi gani ndani yake ili kiendelee kuishi? Akapata tano. Yeye alizilinganisha na mishipa ya fahamu. Mimi nitazilinganisha na mpira, maana niko Lubumbashi.

Kuna wachezaji uwanjani. Kuna ishara na mpangilio unaozuia wawili wasirukie mpira mmoja. Kuna kocha kando ya uwanja, anayeona mchezo wa leo na kugawa nguvu. Kuna anayekwenda kumtazama mpinzani wa wiki ijayo na kutafuta vijana wa mwaka ujao. Na kuna wale wanaoamua sisi ni timu ya namna gani: Mazembe haiwezi kucheza kama Lupopo na ikabaki Mazembe, waulize mashabiki. Timu isiyo na kazi ya pili inagongana. Isiyo na ya nne inashinda leo na kushushwa daraja miaka miwili baadaye.

Kituo chetu kina wachezaji, kina kocha. Kazi ya pili imekosekana nusu: labo haijui gishe imepokea wangapi. Ya nne haipo kabisa. Mvua Lubumbashi huanza Oktoba au Novemba kila mwaka, malaria hupanda kila mwaka, na kila mwaka kituo kinashtuka. Hakuna mtu ambaye kazi yake, hata saa mbili kwa wiki, ni kutazama nje ya ukuta.

Kuhusu mlango, Ross Ashby, mwenzake Beer katika elimu hii, alitoa kanuni mwaka 1956 ambayo nitaisema hivi: anayepokea mambo ya aina nyingi lazima awe na majibu ya aina nyingi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye degedege na kijana anayetaka cheti cha afya cha kuombea kazi wanapita gishe moja, kwa fishi moja, kwa zamu moja. Ukosefu huo wa majibu hauendi bure. Wagonjwa wenyewe wanajitengenezea njia nyingine: simu kwa mjomba anayefanya kazi ndani, noti iliyokunjwa ndani ya fishi. Haya ndiyo madesu niliyoahidi. Kuyakemea bila kufungua mlango wa pili kwa wenye dharura ni kuziba bomba linalovuja kwa kidole.

Nani hayumo kwenye mchoro

Lipo jicho moja linalosahauliwa kuliko yote. Werner Ulrich, Mswisi, mwaka 1983 aliandaa maswali 12 kuhusu mipaka ya kila mpango: nani ananufaika, nani anaamua, ujuzi wa nani unahesabiwa kuwa ujuzi, na nani anaguswa na mpango bila kuwa na sauti ndani yake. Kila swali huulizwa mara mbili: ilivyo, na inavyopaswa kuwa. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo mazungumzo yenyewe.

Hesabu zote za foleni huhesabu waliokuja. Asiyekuja kwa sababu hana pesa ya fishi hayumo kwenye kopo la kwanza wala la pili. Unaweza kufikisha muda wa kungoja dakika 20 kwa kupandisha bei tu, na ripoti itapendeza sana.

Kuyachanganya bila kuyavuruga

Wazo la kuzipanga mbinu hizi badala ya kuzigombanisha lilikomaa katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza. Mwaka 1984 Michael Jackson (si yule wa muziki) na Paul Keys walipendekeza kwamba kabla ya kuchagua mbinu uulize tatizo lako ni la aina gani: ni tata kiasi gani, na je, wahusika wanakubaliana, au wanatofautiana lakini wanaweza kusikilizana? Baadaye Jackson akaongeza hali ya tatu: mmoja anamkandamiza mwenziwe. Mwaka 1991 Jackson na Robert Flood wakaifanya njia ya hatua tatu: kwanza itazame hali kwa sura nyingi, kisha chagua mbinu inayofaa kuongoza na nyingine ya kuisaidia, kisha tekeleza, na ukimaliza, zunguka tena, maana hali imekwisha kubadilika.

Kwa Katuba, mimi ningeanza na makopo ya maharage na kuhesabu vichwa, wiki mbili, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu tarakimu humtuliza mtu aliyekuja kugombana. Kisha chaki ukutani, na mhasibu awepo. Hapo ndipo itakapojulikana kama tatizo ni darubini au ni bei. Likiwa ni bei, mazungumzo yanapanda ngazi, hayamhusu tena mpimaji wa labo. Suala la nani anatazama msimu wa mvua linaweza kumalizwa kwa kumpa mtu mmoja Ijumaa yake. Maswali ya Ulrich ningeyauliza mwanzoni na mwisho.

Nisichokishauri ni kufanya yote kwa pamoja, na semina ya siku tano yenye chakula. Ukiona mkufunzi anachora duara zenye mishale mpaka ukuta unakwisha, na hakuna aliyekwenda kukaa saa mbili kwenye benchi la labo, umeona utata ukiongezewa utata. Wala usisubiri kompyuta. Ikija, itaharakisha kile kilichopo, na kama kilichopo ni «rudi kesho», basi watu wataambiwa hivyo kwa karatasi iliyochapishwa vizuri.

Nilimsimulia mama mkubwa haya yote jioni moja, kwa kifupi kidogo kuliko hapa. Alisikiliza akichambua sombe. Nilipofika kwenye kuchora ukutani akaniuliza kama nimemchora mama anayeuza vitumbua nje ya lango, yule anayewalisha watu wa alfajiri. Nikasema hapana. «Basi foleni yenu ikiisha,» akasema, «ule mama atauzia nani?»

Nikaenda kutafuta chaki.